Eda ya Mama Iliisha Alhamisi

Jirani yangu amefiwa na mume wiki hii, na jana aliniomba jambo dogo sana: nimhesabie siku zake za eda. "We unajua kusoma," aliniambia. "Mi siku zinanichanganyikia." Ni miezi minne na siku kumi. Mjane anakaa nyumbani, havai rangi, hapaki hina wala manukato, haendi kwenye shangwe za watu. Kila mtu wa kwetu anajua hilo. Nilichukua kalamu nikakaa, na mkono ukakataa. Nikamwambia atafute mtu mwingine. Alishangaa, na ana haki ya kushangaa.

Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la sita, na kila ninachoandika hurudi kukifuta kwa kuogopa kwamba nimemwonea mtu. Basi ninyi wa rika langu, mliocheza pamoja nami vumbini pale mtaani Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma, mkiona nimekosea nirekebisheni. Ila sehemu inayonihusu mimi naijua vizuri.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikufa mwanzoni mwa kiangazi, kesho yake baada ya mwezi kuandama. Naukumbuka mwezi kwa sababu jioni ile wanaume waliotoka makaburini walisimama uani kwetu wakiutazama upande wa Goma, mwembamba, karibu kuzama. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Zuhura alikuwa mchumba wa mtu tayari, na baba mwenyewe ndiye aliyekuwa amekubali posa.

Siku ya tatu, Shangazi Mwajuma, dada yake baba, alikuja kutoka Nengo na kalenda ya ukutani yenye picha ya basi. Akahesabu kwa kidole miezi minne, akaongeza siku kumi, akazungushia kalamu nyekundu Jumatatu moja mbali huko kwenye mvua. "Wifi," akamwambia mama, "mpaka hapa. Kabla ya hapa, mlango usikujue." Akageuza kioo kikatazama ukuta. Akachukua viatu vya mama vya kutokea, akavifunga kwa kitambaa, akaviweka juu ya kabati.

Sitaki kumsema vibaya shangazi. Kwanza yeye ndiye aliyetuletea mkaa na unga muda wote ule. Pili alikuwa amempoteza kaka yake wa pekee, na nadhani kumlinda mjane wake ilikuwa njia yake ya kulia. Tatu, alihesabu kama alivyojua. Kwetu watu waliishi kwa kalenda ya ukutani: shule, soko, kodi ya nyumba, vyote vilikuwa humo. Mwezi wa mbinguni tulikuwa tukiukumbuka Ramadhani tu.

Sasa nieleze jinsi mimi nilivyoielewa eda. Kabla baba hajafa, mama alikuwa akiondoka nyumbani jogoo la kwanza na beseni la vitunguu kichwani, akivuka mpaka mdogo, ule wa wapita kwa miguu, kwenda kuuza Goma. Nilikuwa nikiamka na kukuta kitanda chake kimeshapoa. Nilikula viazi vya jana vilivyofunikwa sahani, nikajifunga mlango mwenyewe, na aliporudi jioni alikuwa amechoka kiasi cha kutosikia ukimwambia jambo. Ghafla mama akawa nyumbani asubuhi, mchana, jioni. Uji ulikuwa wa moto. Nikitoka shule aliniketisha kati ya magoti yake akanisuka, akanifumua, akanisuka tena, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya mikono. Alikuwa hanuki mafuta wala udi, ananuka sabuni ya mche na moshi tu. Mpaka leo ndiyo harufu ninayoijua kuwa ni mama.

Nilidhani eda ni urithi. Wenzangu darasani waliachiwa na baba zao shamba la viazi Kanama, au pikipiki. Sisi baba alituachia mama. Nilimshukuru moyoni kwa hilo, na mtu asinicheke.

Alasiri nilikuwa naenda madrasa kwa Maalim Shabani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti moja, na chumba chake cha kufundishia kilikuwa cha mabati, mvua ikinyesha hatusikii aya wala fimbo. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Kila mwezi ukiandama, kesho yake aliandika jina la mwezi huo ubaoni kwa chaki, akatusimamisha, akasema: "Haya, mitume wangu wadogo, kila mutu apeleke habari kwao." Nasi tulikimbia kila mmoja nyumbani kwake kusema mwezi umeandama. Nilimpelekea mama habari hiyo mara tatu. Kila mara aliitikia, "Eeh, mwanangu, vizuri," akaendelea kuchagua maharage. Hakuna aliyetazama ule uliokuwa mbinguni na ile kalenda ya basi na kujiuliza kama vinakwenda pamoja. Mama hakujiuliza. Mimi sikujiuliza.

Harusi ya Zuhura ilikuwa imesogezwa mara moja kwa ajili ya msiba. Mara ya pili wakwe walikataa. Bwana harusi alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori Lubumbashi, na ilibidi aondoke na mke wake Jumapili. Basi ndoa iliwekwa Jumamosi. Jumamosi, na duara la kalamu nyekundu lilikuwa Jumatatu.

"Siku mbili tu, Wifi Mwajuma," mama alisema. Nilikuwa nimekaa chini napepeta mchele. "Lubumbashi ni mbali. Nitamuona tena lini mutoto wangu?"

"Wifi, mi nitafanya nini? Ni mi niliandika sheria?" Shangazi alikuwa na machozi. "Ukitoka mbele ya siku watasema nini? Watasema kaka yangu hajaoza, bibi yake ameshaanza kupiga vigelegele."

Na kwa kuwa nyumba ya eda haipigwi dufu, harusi ikahamishiwa kwa shangazi, Nengo. Mama angebaki Mbugangari.

Sasa nifike kwenye Jumanne. Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyotangulia ile ya harusi. Mwezi ulikuwa umeandama jana yake. Maalim aliandika ubaoni, akatutuma kama kawaida, kisha akaniita mimi pembeni.

"Hadija, mama yako anahesabu eda kwa nini? Kwa mwezi ama kwa kalenda ya watu wa ofisi?"

"Kwa kalenda ya basi," nilisema.

Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akahesabu kwa vifundo vya vidole. "Baba yako alikufa mwezi ukiwa umetoka tu. Bon, sawa. Miezi minne imetimia jana. Bado siku kumi. Sikiliza vizuri: umwambie mama, Alhamisi ya wiki kesho, jua likizama, eda yake imekwisha. Aoge, atoke. Mi siwezi kufika kwenu, mwanaume hapigi hodi kwa mujane. Kwa hiyo ni we mutume. Rudia."

Nikarudia. "Alhamisi ya wiki kesho, jua likizama."

Njiani niliyaimba maneno hayo nisiyasahau. Mtu asije akanitetea kwamba nilikuwa mtoto nikasahau. Nilifika nyumbani nayo yote mdomoni. Mama alikuwa amekaanga maandazi, ameniwekea moja lenye umbo la samaki kwa kuwa nilimwomba asubuhi. Akasema, "Kuja, mutume wa Maalim, leo iko habari gani?" Nikamtazama. Nikaona Alhamisi ile, na Ijumaa yake beseni la vitunguu na kitanda kilichopoa. Nikasema, "Mwezi umeandama." Basi. Zile nyingine nikazimeza pamoja na samaki wangu.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho nikasema kesho. Nilifanya hesabu yangu ya kitoto: kutoka Alhamisi mpaka Jumatatu ni siku nne. Siku nne hizo hazina mwenyewe. Shangazi hazijui, mama hazijui. Kwa nini zisiwe zangu?

Mtaniuliza: na harusi? Hapo ndipo sijielewi vizuri, lakini nitasema nilichokuwa nacho kichwani. Ile Alhamisi yenyewe, jua likazama, mama akawasha taa kama siku nyingine. Nilimtazama kama kutakuwa na alama yoyote. Hakukuwa na kitu. Na Ijumaa Zuhura alikuja kumuaga, mikono imejaa hina mbichi, ameinyanyua hewani isiguse kitu.

"Mama, kuja tu kesho. Ufunike uso. Nani atakuona?"

"Mungu."

"Mungu alichukua baba. Na we unataka nisimame pale kama mutu asiye na mama pia?"

Mama akajichekesha, akasema, "We Zuhura, unanijua. Mi zile kelele za dufu zinaniumiza kichwa. Hata bila eda ningekaa jikoni tu. Sina hamu ya harusi, mwanangu. Nenda ukapendeze."

Nilimwamini. Naapa nilimwamini. Nilifurahi hata, kwamba siku nilizoziiba hazimgharimu kitu, kwa kuwa hapendi dufu. Zuhura naye alimwamini, nadhani, kwa maana aliondoka bila kugeuka, mikono bado ameinyanyua.

Jumamosi nilikwenda Nengo na nguo mpya. Ndoa ilifungwa na sheikh wa msikitini. Maalim Shabani hakualikwa, wenye harusi hawakuwa watu wa kumwalika mtu mwenye koti moja. Wanawake walikuwa ndani, wanaume nje, na hakuna mwanaume anayeuliza ni nani hayupo jikoni. Zuhura alikaa kwenye kiti chenye kitambaa cha dhahabu. Pembeni yake, mahali pa mama, alikaa shangazi. Haki ya Mungu, shangazi hakukaa kama mtu anayefurahi. Alikalia ncha ya kiti.

Baada ya chakula, jua bado lipo juu, nilitumwa nimpelekee mama pilau. Nilikimbia na sahani imefungwa kitambaa. Lango letu lilikuwa la mbao, na nilipolisukuma likagoma, kuna kitu nyuma yake. Nikachungulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya lango, amevaa nguo zake nyeupe za eda, na miguuni amevaa viatu. Vile vya kutokea. Alikuwa amepanda kabatini akavishusha, akavipangusa, akavivaa, akafika mpaka langoni, akakaa hapo. Sijui alikaa tangu saa ngapi.

Alisogeza kigoda. "Amependeza?" akaniuliza.

"Amependeza, mama."

"Hina ilishika?"

"Ilishika. Nyeusi kabisa."

"Walimuweka kiti gani?"

Nikamweleza kiti. Akaniuliza kilemba, akaniuliza kama alikula, kama alilia, nani alimfuta. Mtu asiye na hamu ya harusi haulizi nani alimfuta bibi harusi machozi. Hata mtoto wa miaka tisa analielewa hilo likiwa mbele yake na viatu.

Nami hapo ndipo ninaposema kosa langu lilipo. Lile la Jumanne naweza kulisamehe, na mtu mwingine akinisamehe nitapokea. Lakini saa ile harusi ilikuwa bado haijaisha. Kutoka kwetu mpaka Nengo mtu mzima anatembea, anafika. Mama alikuwa amevaa viatu tayari. Ningesema maneno yale niliyoyaimba njiani, angefika, angekaa kwenye kiti chake. Sikusema. Safari hii haikuwa kwa ajili ya uji wa moto. Niliogopa tu. Nilijua akijua sasa, atajua pia kwamba nilijua. Nikampa pilau. Alikula matonge mawili, akavua viatu.

Jumapili gari la bwana harusi lilisimama nje ya lango. Zuhura alishuka akamkumbatia mama kwa ndani, mama hakuvuka kizingiti. Zuhura hakulia. Nilimsikia mama akisema hilo kwa shangazi baadaye, "Hakulia, wifi," kama mtu anayetaja ugonjwa.

Jumatatu wanawake walikuja kumtoa eda. Alikuwepo bibi mmoja wa Goma, mzoefu wa mambo hayo, ambaye huitwa kuwaogesha wajane. Wakati maji yanachemka aliuliza kama anavyouliza siku zote, "Marehemu alikufa mwezi ngapi wa Kiislamu?"

Shangazi akaonyesha kalenda.

"Hii ya basi? Hapana, mama, eda inahesabiwa na mwezi." Akauliza mwezi ulikuwaje siku ya mazishi, akahesabu, akarudia. Sauti yake ikashuka. "Mbona huyu alishatoka? Alitoka Alhamisi."

Maji yalimwagikia makaa. Shangazi Mwajuma alikaa chini pale pale kwenye tope la uani na nguo yake nzuri. "Ayi we," akasema, "ayi we, nimefanya nini." Akamshika mama miguu. Mama akamwinua. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Hukujua, wifi. Mutu asiyejua hana deni. Simama." Na alimsamehe kweli, walikaa vizuri mpaka kuzikana, miaka mingi baadaye.

Ni shangazi, akiwa bado analia, aliyeuliza. "Lakini huyu Hadija anasoma kwa Maalim. Maalim anajua miezi. Hakusema kitu?"

Wote wakanigeukia. Mama naye. Sikuwa na muda wa kufikiri, lakini watu husema hivyo kila mara, kwa hiyo nijirekebishe: nilikuwa na muda. Maji yalikuwa bado yanachirizika makaani.

"Hakusema," nikasema.

Mama alioga, akavaa rangi, akanishika mkono. Baada ya siku zote zile za ndani, mahali pa kwanza alipokwenda hapakuwa sokoni wala mpakani. Ilikuwa madrasa. Maalim alikuwa anafundisha. Alipomwona mama mlangoni akasimama, uso wake ukafurahi.

"Mama Zuhura! Al-hamdulillahi, umetoka."

"Maalim," mama alisema, na hakuingia, "we ni mutu wa kitabu. Ulijua mi niko ndani ya eda?"

"Nilijua."

"Ulijua itaisha siku gani?"

"Alhamisi, mama. Jua likizama."

"Ulijua. Na ukakaa kimya, mutoto wangu akaolewa bila mimi."

Maalim alifungua mdomo. Halafu akanitazama. Nilikuwa nimeshika nguo ya mama kwa nyuma, nikatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi. Maalim alinitazama muda mrefu, na sikuona hasira, afadhali ningeona hasira. Akainamisha kichwa.

"Nilisahau kukupelekea habari, mama," akasema. "Unisamehe."

"Wifi yangu nimemsamehe juu hakujua," mama alisema. "We ulijua. Mi sikusamehe, Maalim, si hapa wala mbele ya Mungu."

Hiyo ikawa siku yangu ya mwisho kwake. Habari ilizunguka mtaa. Wengine nao wakatoa watoto wao. Sitaki kusema ni kwa ajili yetu tu, chumba chenyewe kilikuwa kinavuja. Lakini kabla ya Ramadhani alikuwa amebaki na watoto wanne, na baadaye alihamia Kanama kwa binti yake. Mama hakuwahi kumwamkia tena. Zuhura akipiga simu kutoka Lubumbashi, hata miaka ishirini baadaye, humtaja kwa jina baya.

Mama alipofariki, bila mimi kumwambia, nilipanda basi dogo nikaenda Kanama. Nilimkuta Maalim amekaa mlangoni, macho yamefifia, ananyambua maganda ya maharage kwa kupapasa. Nilijitaja. Akanishika mkono kwa furaha. Nikamwambia nimekuja kusema ukweli: kwamba alinituma, Jumanne ile, na mimi sikufikisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Unanihurumia juu nimezeeka. Ni mi nilisahau. Nilisema mbele ya watoto wote, unakumbuka? Miaka yote hii kila nikiswali naomba juu ya ile kitu."

"Maalim, ulinipa maneno. Ulinifanya niyarudie mpaka nikayashika."

"Hapana, hapana." Akanipigapiga mkono kama anayebembeleza mtoto. "Ningekuwa nimekupa, ungesema. Ulikuwa mutoto mwema sana."

Nilisema tena, mara ya tatu. Hakuniamini. Binti yake alileta chai, akatuacha. Maalim alipapasa maganda, halafu akauliza polepole, kama mtu aliyelisubiri swali hilo miaka mingi na sasa anaogopa jibu lake:

"Mama yako, kabla hajafa, alinisamehe?"

Nikamwambia ndiyo, alikusamehe, alikutaja kwa wema.

Hakuwa amemsamehe.